Mstari wa Kumi na Tisa

Kidude chenyewe hakifiki urefu wa kokwa ya tende,
chuma chepesi, cha rangi ya dhahabu kilipokuja,
na kazi yake ni moja: kukaa juu ya mzizi wa bandia
mpaka uji wa chapa ugande kinywani,
kisha kitoke, kimweleze fundi wa Unguja
jino lisimame wapi.

Hakisemi uongo. Ndivyo tulivyoamini.

Hapa Wete tunavyo vitano.
Karatasi iliyokuja navyo ni ya Kijerumani;
Daktari Shaame aliigeuza, akaigeuza,
mwisho akaifanya kawa ya kikombe chake cha chai.
Vipikwe mara ngapi ndipo vichoke? Hakuna ajuaye.
Basi nikachukua daftari la hesabu la mwanangu
nikaanza kuchora mstari
kila kimoja kinapoingia mvukeni.

Asubuhi navisugua kwa mswaki wa mtoto,
damu ya jana, utando wa chapa ya jana,
navifunga mfukoni, naiachia mashine iungurume
kwenye digrii mia na thelathini na nne.
Umeme ukikatika katikati naanza upya,
na mstari nauchora vilevile. Moto ni moto.

Mstari wa saba, dhahabu ikafifia
kama pete ya mwanamke afuaye.
Wa kumi na mbili, skrubu ikaanza kulalama,
mkwaruzo mdogo, wausikia kwa kidole si kwa sikio.
Wa kumi na tisa nikakikaza juu ya kinywa cha plasta,
nikakigusa.
Kikacheza.
Si sana. Unywele. Pengine nusu ya unywele.

"Kisafi?" akauliza Shaame, glavu tayari mkononi.
Kisafi. Hakuna kijidudu kilichobaki humo.
"Basi?"

Nikamtazama Bi Time Kombo kitini,
misimu mitatu ya mwani kaifunga kwenye pindo la kanga,
miaka minne anacheka nyuma ya kiganja.
Nusu ya unywele, hapa kwangu, ni kitu cha kubishania.
Kwake ni kila tonge.

Kisafi, nikasema tena, ila kimesahau.

Akachukua kingine, chenye mistari minne.

Hicho cha zamani sikukitupa. Kipo dirishani jikoni,
kando ya kichupa cha mafuta ya karafuu.
Jana nikimfunga mwanangu kifungo cha sare
kidole kikakosa tundu,
kikakosa tena.
Sikuchora mstari.