Daftari la Alfajiri

Mjukuu wangu Hetvi huniita Dada.
Kwa Kigujarati ni babu mzaa baba;
hapa Barabara ya Nane, Ngamiani,
wateja hucheka hadi misumari ikawamwagika.
Huwaacha wacheke. Nilikuwa na yangu ya kuhesabu.

Saa kumi na nusu nimeshaoga,
nimewasha taa tano za samli
mbele ya picha kumi na moja,
kila picha na ua lake, kila ua na maneno yake.
Pumzi ya pua ya kushoto, ishirini na nne,
ya kulia vivyo hivyo,
kisha tasbihi nne, punje mia na nane kila moja,
kisha sura mbili kwa Kisanskriti,
kisha tafsiri, kisha maelezo ya tafsiri,
kisha daftari:
nimefanya, tiki;
sikufanya, msalaba mwekundu,
na deni la jana linahamia leo.
Jumapili nililipa madeni.

Mshika mawili, wanasema, moja humponyoka.
Mimi nilishika arobaini,
yote kwa kucha.

Asubuhi moja ya kipupwe,
punje ya sitini na kitu iko kidoleni,
nikasikia mdomo wangu ukinong'ona:
inchi tatu, kilo mbili, elfu tisa.
Sijui jina la Bwana lilitoka lini
na bei ikaingia lini.
Hetvi alikuwa mlangoni na kikombe chake cha plastiki.
Akaliangalia daftari, zile nyekundu.
"Dada, Mungu anatudai ngapi?"

Nilimpa maji.

Marehemu mke wangu Kokila
alikuwa na dakika kumi tu,
kati ya maziwa kuchemka na duka kufunguliwa.
Ubeti mmoja, mwaka mzima ule ule,
akiusema huku anakoroga tangawizi.
Nilimwona mvivu.
Naliandika hili ili nione haya vizuri.

Mhina, msaidizi wangu,
ndiye aliyebeba sanduku la picha hadi hekaluni.
"Bosi, unahama?"
"Ndiyo kwanza nahamia," nikamwambia,
naye akatikisa kichwa, akadai nauli.

Sasa kuna taa moja, utambi mmoja.
Picha moja, ile yenye ufa kwenye kioo,
mtoto Krishna na siagi mashavuni.
Na tasbihi ya Kokila,
ya mti wa tulsi, ndugu wa mrehani,
iliyopoteza punje siku asiyoisema:
mia na saba.
Pandit Harshad anasema hiyo haihesabiki.
Namwambia, ndiyo maana.

Kusoma, ubeti mmoja kwa wiki.
Huu wa sasa una maneno kumi na mawili.
Jumatatu niliyaelewa tisa.
Leo Alhamisi nimebakiwa na matatu,
na moja kati ya hayo silo la kuaminika.

Nisidanganye: akili bado hutoroka.
Inashuka dukani kabla yangu,
inapima bati, inagombana na bei ya saruji.
Zamani niliifuata na fimbo.
Siku hizi naingoja
kama ninavyomngoja Mhina akienda kutafuta chenji:
atachelewa, atakuja na hadithi,
lakini atakuja.
Jirani anamimina mafuta ya vitumbua.
Adhana inapita juu ya paa
bila kuniuliza nimefika wapi.

Daftari lilibaki na kurasa thelathini.
Nimeliteremsha dukani, ni la mikopo:
fundi Shekue, bawaba sita,
mama wa genge, kufuli moja, atalipa mwisho wa mwezi.
Tiki zinapendeza zaidi huko.

Na Hetvi huja, si kila siku,
anakunja miguu kando yangu, anafumba jicho moja.
Hukaa pumzi mbili, tatu,
kisha huyo, kamfuata paka.

Sizihesabu.
Haya, nimezihesabu.
Lakini sikuziandika.