N juu ya R

Miaka thelathini na moja nilisoma kwa kalamu nyekundu
kiwandani Chang'ombe, kitengo cha usahihishaji,
nikiwinda nukta iliyopotea, h iliyotoroka,
na Mwamvita akinipokea mlangoni:
"Leo umekamata ngapi?"

Sasa Dokta Rweyongeza anageuza karatasi
iliyongojwa wiki tano.
Kipande cha nyama, hakizidi punje ya mtama,
walichokinyofoa pafuni mwake kwa sindano ndefu,
kimepanda ndege. Sisi hatujawahi.
Huko kimesomwa herufi kwa herufi.
"Tumelipata kosa," anasema. "Ni herufi moja."

Herufi moja! Na mtu hajawahi kushika sigara.
Tandika nzima ilimnusa kwa maneno:
anavuta kwa siri, ni moshi wa vitumbua, ni kijicho.
Miezi sita ya dawa za kifua kikuu,
yeye akimeza, mimi nikihesabu,
kikohozi kikanenepa, yeye akakonda.
Yakavutwa maji ya kifuani, lita moja na nusu,
rangi ya chai iliyokosa maziwa.
Wakasema saratani. Wakasema imefika mgongoni.
Wakasema hatua ya nne,
na mimi, mgeni wa lugha ya pale, nikauliza:
zipo ngapi?
"Nne."

Nikakumbuka kile kitabu cha afya cha darasa la nne.
Ukurasa wa kumi na saba, mikononi mwangu kilipita:
*Mgonjwa akimaliza dozi ataweza kupora.*
N imekuwa r. Nakala elfu nane.
Meneja alinitazama kama mtu aliyeua,
na fedha za kuchapa upya hazikuwepo.
Tukakata vijikaratasi, vidogo kama kucha ya mtoto,
Mwamvita akaja na sufuria ya gundi ya unga wa muhogo,
tukakaa sakafuni siku nne
tukibandika n juu ya r, n juu ya r,
mpaka vidole vikashikana.
Kosa halikufutika. Liliziba mdomo.

"Hiyo dawa ndivyo inavyofanya?" nikamuuliza daktari.
Akafikiri, upepo wa bahari ukisukumasukuma mlango.
"Ndivyo. Haifuti. Inakwenda palepale penye kosa, inaziba.
Kidonge kimoja kila siku. Lakini gundi, mzee wangu..."
"Gundi naijua," nikasema.
"Miezi. Wengine miaka. Halafu ugonjwa hupata uchochoro."

Bima ikajibu kwamba jina hilo halimo orodhani.
Siwema akaandika bei kwenye kiganja chake,
hakukinawa mpaka jioni.
Kiwanja cha Chanika kikanunuliwa na kijana
aliyekuja na futikamba yake mwenyewe.

Wiki ya tatu vipele vikamtapakaa usoni.
Akajitazama kiooni, akacheka: "Jamani, nimerudi mwali."
Kucha zikamuuma, tumbo likamkimbiza usiku,
lakini kikohozi,
kikohozi usiku ule hakikuja.
Nililala macho nikikingoja
kama mtu amngojaye mwenye deni lake.

Leo amekwenda kwa muuza mkaa kwa miguu yake.
Kapunjwa. Nimemsikia toka ndani akimfokea,
tusi refu, la kwao Kisarawe,
amelitoa lote kwa pumzi moja.
Nikaweka kikombe chini, nikasikiliza
kama wengine wasikilizavyo dua.

Nakala moja ya kile kitabu ninayo.
Nimeifungua ukurasa wa kumi na saba, dirishani.
Pembe ya kijikaratasi imeanza kuinuka;
ukiielekeza kwenye mwanga, r inachungulia.
Nikaibana kwa kidole gumba,
nikaishikilia hapo,
mpaka aliponiita chakula
mara ya pili.