Kivuli cha Jirani

Mwaka ule Bwana Chidawali aliponyanyua ghorofa
upande wa machweo wa ua wangu, Nkuhungu,
hakuninyang'anya ardhi hata shubiri moja.
Alichukua jua. Tangu saa saba na nusu mchana
hadi jua lenyewe linapochoka.

Mawaridi niliyoletewa kutoka Lushoto yalinuna kwanza.
Zikafuata nyanya: ndefu, nyembamba, zote shingo.
Nyasi za kununua zikageuka rangi ya faili la zamani.
Nikalaumu maji, maana ya kwetu yana chumvi
na huja Jumanne, na Jumanne nyingine hayaji.
Nikalaumu udongo. Nikamlaumu Chidawali
kila nilipoanua nguo zikiwa mbichi.

Nilikuwa karani wa upimaji miaka ishirini na sita.
Hasira ikiisha, mkono hutafuta chaki.
Nikapiga mistari kwenye mawe ya njia, saa hadi saa,
kivuli kilipofika Juni, kilipofika Desemba,
mpaka ua ukawa ramani:
hapa jua la asubuhi tu,
hapa vipande vipande, kama shuka lililoliwa na nondo,
na pale nyuma ya karo, giza la kudumu.

Ndipo nikakumbuka vichaka vya Chigongwe,
tulikokata kuni na dada yangu Mbeleje,
vilivyoshikana hata mbwa akiingia
hutoka kinyumenyume.
Mle ndani jua lilikuwa la kuombwa.
Mle ndani hapakuwa na bomba.
Na palijaa watu. Nilitaka kusema mimea,
lakini acha libaki hivyo.

Mkole nikaupa jua la vipande.
Msada, mbegu tatu, nikaziloweka siku mbili;
moja iliota baada ya miezi minne,
nimeshaisahau, nimeweka ndoo juu yake.
Mgagani sikuupanda. Ulikuja na samadi ya mbuzi
kutoka kwa Mzee Ndahani wa Zuzu,
ukachagua mwenyewe mstari wa saa nne,
ukatoa maua meupe yenye ndevu.
Mlenda ukafuata, bila kubisha hodi.
Na kule nyuma ya karo, mkonge pori,
majani wima kama mapanga, madoa kama ya nyoka.
Nilimwagia maji ya kuoshea mchele mara moja,
nikaona haya, kama niliyempa mtu mzima uji.

Mwanangu Nyemo alikuja kutoka ofisini Mtumba,
viatu vinang'aa, simu sikioni.
"Mama, mbona umeacha magugu?"
Nikayachuma hayo magugu,
nikayachemsha, nikayaunga kwa karanga.
Alikula na ugali wa uwele, akatafuta chini ya kifuniko
kama kimebaki kitu.
Siku hizi akija, hubeba mfuko.

Msada bado haujazaa. Huu ni mwaka wa tano.
Upepo wa Julai huuinamisha hadi chini,
Agosti unasimama, umeongeza jani moja, mawili.
Haraka ni yangu mimi. Nina miaka sitini na nane.

Januari, usiku, baada ya mvua ya pili,
umeme ukakatika mtaa mzima.
Nilitoka kufunga kuku, nikasimama.
Nyuma ya karo mkonge pori ulikuwa umefungua maua,
nyuzi nyeupe, ndogo, zisizothubutu mchana,
na harufu yake ilikuwa imejaa ua,
imepanda ukuta, imefika roshani ya juu.

"Mbukwa, mama Nyemo,"
sauti ya Chidawali ikashuka.
"Ni nini kinanukia hivyo huko kwako?"

Nilikuwa na majibu ya miaka sita, yamepangwa.

"Kivuli chako," nikasema.

Nadhani alicheka. Au alikohoa.
Gizani, na ukuta ule katikati, huwezi kujua.