Presha ya Kushuka

Jana baada ya isha tuliiacha mia sita.
Niliiandika kwa chaki juu ya mlango wa banda,
pale babu alipokuwa akiandika pishi zake za karafuu.
Mia sita.
Asubuhi hii sindano i mia nne na kumi.

Sakafu kavu. Nimepitisha kiganja chini ya kila bomba,
kila nati, kila kiungo alichokikaza Mbarouk
huku ameuma ulimi kama mtoto anayeandika alifu.
Hata tone.
Mafuta mekundu yote yamo,
nguvu haimo.

Ndege yetu imekaa juu ya jeki tatu,
magurudumu yanening'inia.
Ukibonyeza swichi, pampu inalia
(ya mashine ya boti, tuliipata Mkoani
kwa mtu asiyependa maswali),
miguu inakunjwa, inaingia tumboni.
Mdogo wangu anapiga kofi. Kisha tunangoja,
na katika kungoja, mguu wa kushoto
unashuka polepole, hakuna aliyeuamrisha,
kama mtu anayejitoa msikitini kabla ya dua.

Watu wa Wawi wananiuliza, "Itaruka lini?"
Kuruka si kazi, nawaambia. Kazi kutua.
Uko juu, uwanja unauona,
na miguu imegoma.

Mama naye ana presha, yake ya kupanda.
Alkhamisi nilimpeleka hospitali ya Chake.
Nesi alimfunga kitambaa mkononi, akakijaza upepo,
akauachia kidogo kidogo, kichwa ameinamisha.
Sindano aliitupia jicho tu.
Alikuwa anasikiliza.

Nikarudi na sikio lile.
Nikasimamisha bisibisi juu ya vali, mpini sikioni,
nikamwambia Mbarouk azime redio, azime feni,
asipumue.
Ssss.
Mafuta yanajirudia tangini kwa njia ya ndani,
mwizi wa humu humu, hana haja ya mlango.
Kikulacho, nikasema. Sikumalizia.

Tulipoifungua, mpira wake, pete ya kidole cha mtoto,
una mkwaruzo mmoja.
Na ndani ya mkwaruzo, kipande cha konyo la karafuu,
chembamba kuliko unywele wa ndevu.
Miaka thelathini banda hili halijaanika kitu.
Tumelifagia, tumelipiga maji, tumelipaka rangi.
Mbarouk hakucheka. Alikinusa,
akakifunga kwenye karatasi, akakitia mfukoni.

Pete mpya. Chaki mpya: mia sita.
Usiku nimetoka mara mbili na tochi.
Mara ya pili namkuta mama ukumbini, macho makavu.
"Raya, imeshuka?"
Ipi, sikumuuliza.
Mia tano na tisini na mbili.
"Kidogo," nikamwambia.
"Baridi ya alfajiri tu hiyo.
Lete mkono wako nikupime."