Mavyaa na Chungu cha Chokaa

Saa tatu na robo, alisema mpiga falaki,
si kabla, si baada, mguu wake uvuke kizingiti.
Ndiyo maana saa tatu na dakika tano
nimejificha jikoni kwa jirani yangu Nhan,
hariri ya zambarau imenibana kwapani,
nimekumbatia chungu.

Kidogo tu, cha mviringo, kama boga changa.
Mdomo wake umezibwa nusu na chokaa iliyoganda
mwaka juu ya mwaka, kijiti baada ya kijiti,
tangu enzi za mavyaa wangu, mwenye meno meusi ya kung'aa,
aliyetafuna tambuu hata ndotoni.
Mimi sitafuni. Mwanangu Khue hajui ladha ya popoo.
Chokaa humo ndani imekuwa jiwe.
Lakini mwenye chungu ndiye mwenye nyumba, walisema,
na siku mkaza mwana aingiapo
mavyaa hukitwaa akaondoka nacho,
wasije wakagongana mlangoni
wakaendelea kugongana hadi kaburini.

Nhan ananimiminia chai, ananicheka.
"Unamwogopa msichana wa kiwanda cha viatu?"
Sijibu.
Namwogopa kidogo.
Amemfundisha mwanangu kuosha vyombo.

Mwezi uliopita masinia saba yalikwenda kwao
chini ya vitambaa vyekundu: majani ya chai, mbegu za yungiyungi,
vitumbua vya mume-na-mke vilivyofungwa viwili viwili,
na kichala cha popoo mia moja na tano, nilizihesabu mwenyewe.
Na leo alfajiri nimevuka mto kwa pikipiki ya shemeji,
sahani ya tambuu mapajani,
kumwomba bibi harusi kwa mara ya mwisho.
Mama yake alinipokea, macho yamevimba.
Yeye naye mila haimruhusu kumsindikiza.
Sasa hivi, ng'ambo ile,
labda anafagia maganda ya mbegu za tikiti
chini ya viti ambavyo havina mtu.

Mama wawili, basi. Harusi moja.
Na hakuna kati yetu atakayeuona
ule mguu ukivuka.

Mimi niliingia kwa baiskeli, mwaka wa vyakula vya mgao,
harusi ya sigara na peremende.
Nikatafuta uso wa mavyaa katika nyuso zote zile.
Hayupo. Nikajua: hanitaki.
Jioni akarudi na chungu, akakiweka juu ya kabati
bila neno.
Miaka kumi na moja sikukigusa,
hata kukipangusa vumbi.
Hakuna aliyenieleza kwamba alikuwa jikoni kwa mtu,
anakunywa chai inayopoa.

Honi. Makelele. Vikaratasi vya rangi vinaruka juu ya turubai.
Nhan anasema usichungulie. Nachungulia,
jicho moja kati ya mianzi ya ua.
Thoa, kanzu nyekundu, kilemba kama jua linalochomoza,
kisigino kimezama katika tope la jana.
Anainama. Anavua kiatu. Anavua na cha pili.
Anaingia pekupeku kwenye moshi wa udi wa wahenga wetu.
Saa tatu na dakika kumi na tisa.
Mpiga falaki na anyamaze.

Nilipoona inatosha, nikarudi kwa mlango wa uani.
Nikamkuta kwenye beseni, mikono ya kanzu imekunjwa,
anasuuza vikombe, na wageni wangali wanakunywa.
Akanitazama, akakitazama nilichoshika.
"Mama, hiyo ni chumvi?"
"Chokaa," nikasema.
"Ya kazi gani?"
Maneno niliyokuwa nayo hayakufaa.
Nikamwambia: shika, lakini ni kizito.
Akajifuta mikono, akashika.

Sikuachia mara moja.