Mstari wa Rangi ya Kucha

Hebu weka spana chini, Asaa.
Kabla ya mkono, jicho.
Mtungi huo usiuone umekaa kimya,
mna pumzi ya watu mia humo ndani,
imebanwa, imekunjwa, imeketishwa kwa nguvu,
na kilichoketishwa kwa nguvu
hakisahau mlango ulipo.

Unauona huu mstari mwekundu shingoni?
Umeanzia kwenye valvu, ukashukia mwilini.
Ni rangi ya kucha. Ndiyo, ya kucha. Cheka umalize.
Nainunua Darajani, na kila mwezi Makame huniuliza
mbona rangi inakwisha, mke wangu,
na kucha zako zi tupu?

Ukiuzungusha mtungi kuutoa kwenye bunduki
mstari na uzunguke wote, kipande kimoja,
kama watu wa nyumba moja wanaohama.
Ukiona mwili umekwenda, shingo imebaki,
mstari umekatika, nusu huku, nusu kule,
acha.
Usiongeze hata robo ya duru.
Watoe watu, kisha niite mie.

Siku ile hapakuwa na mstari.
Mcha, kijana wa hapa hapa Bweleo,
alidhani anafungua mtungi, kumbe anafungua valvu.
Haukulia kama bomu.
Ulilia kama kanga inayochanwa na mtu mwenye hasira,
kisha bati likatoboka,
kisha kimya.
Tukaukuta kwenye mihogo ya Bi Shumbana
umejizika nusu, umeota barafu,
na mbuzi anaunusa.
Barafu, Bweleo, mwezi wa pili!
Mcha alivihesabu vidole vyake mbele yetu, vyote kumi,
akavaa viatu, akaenda.
Sasa anauza vocha Mazizini.

Tundu lake lile, tazama juu. Sijaliziba.
Tajiri ameleta bati mara mbili.
Mvua ikinyesha naweka ndoo,
jua likipita saa nane huangusha shilingi moja sakafuni,
nayo hutembea polepole kutoka kwenye mzani hadi mlangoni
nami naifuata kwa jicho moja nikijaza.

Mzani, enhe. Ni wa kupimia unga, lakini hausemi uongo.
Pima mtupu, pima uliojaa, andika.
Ikizidi, ipunguze.
Usimwonee haya mteja anayesema ongeza, nimelipa.
Chungu cha wali kikizidi humwaga mekoni, ukajua.
Mtungi haumwagi. Unangoja jua.
Juzi mgeni kauacha garini, adhuhuri, vioo juu,
akaenda kuogelea.
Niliufuata miguu peku.

Ile myeusi ni ya hewa, ina tabia nyingine.
Mafuta ya nazi ni ya nywele, mwanangu;
mdomo wa kujazia usiupake kitu.
Hewa iliyobanwa ikikutana na mafuta
haiombi kiberiti.

Na huu wa pembeni, soma tarehe iliyogongwa.
Umepitwa na miezi minne.
Tajiri anasema, Mungu atatulinda.
Nasema amina,
kisha naufungia kabatini, ufunguo naufunga pembe ya kanga,
mpaka Alhamisi ya boti, uende Dar ukapimwe.
Ananuna. Na anune.

Wasikie huko nje wanapigana kwa rangi,
wanakufa na kufufuka kabla ya chai,
mmoja ana njano kifuani kutwa nzima na anacheka.
Mchezo wao uko kule.
Hapa ndani hakuna anayefufuka.

Haya, shika.
Miwani. Miwani, Asaa, si kilemba, ishushe machoni.
Duru moja, simama.
Mtutu kwenye gunia la mchanga. Fyatua.
Tena. Tena, mpaka bunduki ikose sauti.
Sasa endelea, taratibu,
usinitazame mie.
Mstari unasemaje?