Mwimo wa Mlango

Fundi amekuja na fremu ya chuma,
anauliza huu mwimo wa zamani autupe wapi.
Nimemwambia, ngoja bwana, kunywa chai kwanza.

Ni mninga. Ulitoka kwenye nyumba ya kule bondeni.
Siku lori la Operesheni lilipokuja, paa likiwaka,
Bibi Sekalinga aliacha vyungu, akaacha kinu,
akabeba mlango.
Watu walimcheka: mlango bila nyumba!
Makambako, upepo wa Juni.
Walilala nyuma yake siku tisa.

Hapa, usawa wa mbavu zangu, kuna chale mbili
zimelaliana kama midomo. Ni za baba.
Moja ya kabla ya lori, moja ya mwaka uliofuata.
Mwaka mzima wa unga wa yanga,
na mfupa haukusogea hata unene wa wembe.
Mpaka anazikwa walimwita Kafupi,
naye akiitika, "Nilikosa mvua."

Ya juu kuliko zote ni ya Ezekia, kaka yake.
Hakuwa mtoto; alijipima kwa mzaha
asubuhi ya kwenda Kagera.
"Nikirudi mtaona kama vita vinarefusha."
Juu ya chale hiyo mbao ni laini.
Nimeipapasa mara nyingi.

Kisha mimi. Zangu zimepinda,
maana wenye mikono imara walikuwa wamelala
safu moja nyuma ya miwati: mama, baba, shangazi Tulizo,
miaka ile seremala wetu hakutengeneza kabati hata moja.
Bibi alinipima gizani mwa macho yake,
kidole gumba utosini, kisu kikitetemeka.
Nilikua kimshazari.

Fundi amemaliza chai.
Atukuzwe, binti yangu, ana miaka tisa.
Kwenye kadi yake ya kliniki mstari unapanda bila kigugumizi;
amekula parachichi tangu hana meno.
Ameegemea mwimo. Amempita babu yake kwa kiganja kizima.
"Hapa Babu alikuwa na miaka mingapi?"
"Tisa."
"Na hapa?"
"Kumi."

Amenyamaza. Halafu namwona
anakunja magoti, kidogo, kidogo tena,
mpaka utosi umelingana na zile chale mbili,
akatazama nje.

"Kutoka hapa," anasema, "reli haionekani."

Fundi amesimama, nyundo mkononi.